Sifuri ya Wiki Moja

Ofisini walimwita Bi Sifuri, na jina hilo alilipata kwa kuzifukuza sifuri, si kwa kuzipenda. Kabla yake, makarani wa idara ya maji walikuwa wakijaza kila asubuhi jedwali la namba lenye mistari arobaini na safu arobaini. Vituo vya maji vilikuwa arobaini, na kila kisanduku kilisema jambo moja: katika kila sehemu mia za maji yaliyotoka kituo hiki, ngapi zimekwenda kituo kile. Wasomi huliita jedwali la namna hiyo matriki. Makarani waliliita balaa. Visanduku elfu moja na mia sita, jamani, na karibu vyote vina sifuri, maana kituo hakipeleki maji kila mahali; kinapeleka kwa jirani zake wawili watatu, basi. Mtu anaandika sifuri mpaka vidole vinakufa ganzi, na akiruka mstari mmoja anaanza upya.

Yeye ndiye aliyesema, kwani tunaandika yasiyokuwepo ya nini? Mabomba hayahami. Namba zinabadilika kila siku, ndiyo, lakini visanduku vyenye namba ni vile vile, jana, leo na kesho kutwa. Basi tuchore umbo mara moja tu, tuseme penye maji ni hapa, na hapa, na hapa. Umbo hilo liwe kiolezo cha siku zote. Halafu kila asubuhi tuandike namba zenyewe, moja baada ya nyingine kwa mpangilio, bila sifuri hata ya dawa. Akahesabu, akapata visanduku tisini na tatu. Kutoka elfu moja na mia sita hadi tisini na tatu! Makarani nusura wambebe juu juu. Kazi ya nusu siku ikawa kazi ya kikombe kimoja cha chai. Mkuu wa idara akampa cheti chenye fremu, kikatundikwa juu ya meza yake.

Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kujihadhari, aliomba kwa kinywa chake mwenyewe kiolezo kifungwe ndani ya kompyuta, kisifunguliwe ila kwa sahihi mbili na idhini ya kamati. "Kiolezo ni kimoja, siku ni maelfu," alisema. "Mtu akikichezea, siku zote zinaharibika kwa mpigo." Wakampigia makofi. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini siku ya makofi nani anakumbuka wahenga?

Miaka tisa ikapita hivyo. Mwaka wa tisa ukiishia, Jumanne moja asubuhi, akaingia fundi wa koki. Alikuwa mgeni kazini, ana wiki tatu tu kwenye kituo cha kumi na saba, baada ya fundi wa zamani kustaafu. Viatu vyake vilikuwa vimelowa, akasita mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pita, baba, sakafu haiogopi tope."

"Nina swali dogo, hata aibu kuliuliza." Akafungua fomu yake iliyokunjwa mara nne. "Kila Jumanne na Ijumaa nafungua koki kubwa pale kwetu, maji yanashuka kituo cha thelathini na moja. Mita inazunguka kweli kweli. Sasa kwenye fomu sioni pa kuandika. Kumi na saba kwenda kumi na nane, ipo. Kumi na saba kwenda ishirini, ipo. Kumi na saba kwenda thelathini na moja, haipo. Niandike wapi?"

Bi Sifuri akacheka. "Kumi na saba haiendi thelathini na moja, mwanangu. Umechanganya koki."

"Mama, mimi ndiye ninayeizungusha. Bega hili linaniuma kwa sababu yake."

"Na mwenzako aliyestaafu aliandika wapi?"

"Nilimuuliza. Akaniambia pasipo na mahali hapaandikwi. Wewe fungua koki, fomu waachie wenye fomu."

Kicheko kikamkauka. Kituo cha kumi na saba ndicho kilichochota kisima cha zamani, maji yenye kudai dawa nyingi kuliko yote. Cha thelathini na moja ndicho kilichonywesha mtaa wa chini. Kiasi cha dawa ya kutia pale kilipigwa hesabu na kompyuta, na kompyuta ilisoma matriki, na matriki kwa miaka tisa ilisema karibu maji yote ya thelathini na moja yanatoka kituo cha kumi na mbili, maji safi, dawa kidogo tu inatosha. Hata mstari wa kumi na saba ulitimia mia kila siku, maana mia ilihesabiwa katika maji yaliyoandikwa tu. Matriki haikusema uongo. Haikuwa na mahali pa kusemea.

Alimwacha fundi amesimama pale pale akaenda kwenye kabati la majalada. Kiolezo chake alikuwa amekitoa katika majedwali ya wiki moja. Siku saba nzima, si siku moja, maana alijiona mwangalifu. Akalitoa jalada la wiki ile. Kisanduku cha kumi na saba kwa thelathini na moja kilikuwa na sifuri siku zote saba, sifuri nzuri za mviringo. Kisha akafungua daftari la matengenezo la mwaka ule, akapitisha kidole mpaka tarehe ile. *Koki ya 17 kwenda 31 imefungwa, inabadilishwa mpira. Itafunguliwa wiki ijayo.*

Kuna sifuri ya hapana bomba, na kuna sifuri ya bomba lipo ila leo limekauka. Kwenye karatasi zinafanana kama mapacha. Ya kwanza unaweza kuifuta milele, haitakudai kitu. Ya pili ukiifuta umefuta bomba zima, na maji yatapita humo usiyaone. Yeye aliyajua hayo. Aliwahi kuwafundisha vijana wa mafunzo, kwa chaki, ubaoni! Lakini siku ya kuchagua wiki, stoo ilikuwa na maboksi ya miaka sita, yamejaa vumbi, na yeye alichagua wiki ile kwa sababu karani wake alikuwa na mwandiko mzuri. Basi. Mwandiko mzuri.

"Mama, vipi?" fundi aliuliza. "Niandike wapi?"

"Leo umeshaifungua?"

"Tangu saa kumi na mbili asubuhi."

Sasa, mtu mwingine angeona kosa la kazi, akaumia kikazi. Lakini Bi Sifuri alikuwa na mdogo wake wa tumbo moja, fundi cherehani, aliyeishi mtaa wa chini. Na huyo mdogo wake siku ile alikuwa ana siku ya kumi na mbili hospitalini, homa ya matumbo imemlaza kama kitenge kilichofuliwa.

Tena mdogo mtu alikuwa mtu wa kuchemsha maji. Kila jioni sufuria lake jikoni, na kitambaa cheupe cha kuchujia. Dada mtu ndiye aliyemkatisha. Alikuja siku moja, akakuta sufuria linatokota, akaweka mikono kiunoni. "Unapoteza mkaa bure. Haya maji nayapima mimi, mdogo wangu. Au dada yako humwamini?" Mdogo mtu akacheka, akaepua sufuria, na tangu hapo hakuchemsha tena. Si hivyo tu. Akajigamba mtaa mzima. Wateja wakija kupimwa nguo anawapa glasi ya maji ya bomba. "Kunyweni, dada yangu ndiye mwenye hayo maji." Na majirani nao, mmoja mmoja, wakaacha kuchemsha. Mwaka uliopita mtaa ule ulizika watoto wanne kwa matumbo, watu wakawalaumu nzi.

Bi Sifuri alimpigia simu binti wa mdogo wake, aliyebaki nyumbani peke yake. "Chemsha maji. Yote. Hata ya kusukutulia."

"Mama mkubwa, ni wewe kweli unayesema hivyo?" binti akauliza huku akicheka.

"Chemsha, mwanangu, nakuomba. Na majirani waambie."

Kisha akampigia mtia dawa wa kituo cha thelathini na moja. Huyo alikuwa mpole, ila mpole wa karatasi. "Bi, mimi natia kinachotoka kwenye mashine. Mwenzangu alizidisha kwa kichwa chake, leo yuko nyumbani anafuga kuku. Niletee karatasi, nitie hata pipa."

Akapanda kwa mkuu wa idara. Mkuu hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi mimi ninayesimulia; mtu mbaya unaweza kumtukana ukatulia moyo. Alimvutia kiti, akamsikiliza hadi mwisho, akavua miwani.

"Kwa hiyo unataka kisanduku cha tisini na nne."

"Leo, mkuu. Sasa hivi."

"Kiolezo ni kimoja kwa siku zote. Si maneno yako? Siku elfu tatu na ushee zimelala juu ya umbo hilo. Ripoti za mwaka, wastani wa mwezi, yote yamejumlishwa kisanduku kwa kisanduku. Nikiongeza kimoja leo, ya leo na ya jana hayajumlishiki. Nitaulizwa, na ya nyuma yalikuwaje? Nitajibu nini?"

"Utajibu yalikuwa na kosa. Langu. Andika jina langu."

"Kosa la siku elfu tatu haliandikwi jina la mtu mmoja." Akafuta miwani kwa tai. "Niletee barua. Kamati inakaa Alhamisi ya kwanza ya mwezi."

"Leo ni tarehe kumi na mbili!"

"Basi si mbali."

"Ifungwe koki, hata kama..."

"Mtaa wa chini upungukiwe maji siku mbili kila wiki? Kiangazi hiki? Watakuja hapa na ndoo vichwani. Na nitawaonyesha nini? Jedwali linaonyesha maji yao ni safi."

Alirudi mezani kwake. Hakukaa kulia; kulia aliona ni anasa. Akajaribu ujanja. Kama kumi na saba kwa thelathini na moja haina mahali, ile namba ataibandika mahali pa jirani: kumi na sita kwa thelathini na moja ipo, ya maji kidogo tu, na kumi na sita nayo huchota kisima kibovu. Akaandika, akabonyeza. Mashine ikakataa. Kila mstari lazima ujumlike mia, na mstari wa kumi na sita sasa ulikuwa na mia na ishirini na mbili. Akapunguza kwingine ili kusawazisha. Ikakataa, kwa kuwa kwingine nako kulikuwa na mita. Mwisho, kwa kukata tamaa, akaichomeka namba ya tisini na nne katikati, palepale ilipostahili. Zilizofuata zote zikasogea hatua moja. Maji ya zahanati yakasomeka ya kiwanda, ya kiwanda yakasomeka ya shule. Alifuta upesi. Uangalizi huo wote aliuweka yeye, kila ukaguzi, kila kufuli, ili asije mtu akadanganya jedwali. Jedwali lilijifunza kukataa uongo, likakataa na ukweli.

Barua aliiandika siku ileile, kurasa nne, akaambatanisha na nakala ya daftari la matengenezo. Ilipigwa muhuri wa kupokelewa.

Kesho yake alikwenda hospitali. Wodi ilikuwa na vitanda vya chuma vilivyobanana, na kati ya kila vitanda viwili kabati dogo. Juu ya kabati la mdogo wake palikuwa na chupa ya maji, nusu. Aliitazama chupa kwanza, halafu uso.

"Nani kaleta maji haya?"

"Mwanangu. Mbona hivyo, dada? Hata salamu?"

Akakaa ukingoni mwa kitanda, akamweleza yote. Alimweleza kuhusu umbo na wiki ile, koki, mwandiko mzuri wa karani, hata sufuria alilomfanya aliepue jikoni. Hakujipunguzia hata chembe. Mdogo mtu alisikiliza macho yamefumba, midomo imekauka mpaka imepasuka. Alipomaliza, mgonjwa alifungua jicho moja.

"Kwa hiyo nimelazwa na sifuri," alisema. "Ningeumwa na mbwa ningekuwa na hadithi nzuri zaidi."

"Usinifanyie mzaha. Mimi ndiye niliyekuua."

"Sijafa, dada, ngoja kwanza zamu ifike." Akatafuta mkono wake juu ya shuka. "Tangu utoto ukiunguza uji unasema umechoma nyumba. Wewe hukosei. Ungekosea mimi ningejua."

"Nimekosea!"

"Umechoka. Hulali. Nenda kalale." Na kweli, jamani, aliutoa mkono wake dhaifu akaanza kumpapasa dada yake mgongoni, mgonjwa akimbembeleza mzima. Bi Sifuri angependa atukanwe. Angependa kofi. Alipewa upendo, na hakuwa na pa kuutua.

Alhamisi utumbo wa mdogo wake ulitoboka. Walimpeleka chumba cha upasuaji asubuhi, na kabla ya saa sita mchana daktari alitoka akiwa ameshika kofia yake mkononi.

Wakamzika Ijumaa. Ijumaa, siku ya koki. Watu waliporudi kutoka makaburini waliingia nyumbani kwa marehemu, chumba kile cha kazi, cherehani imesukumwa kwenye kona na kufunikwa shuka, vipande vya nguo za watu bado vimechomekwa pini. Wanawake walikaa mikekani, wamejaa hadi barazani. Jua lilikuwa kali, na kila mtu alikuwa ametembea. Bi Sifuri alikaa ukutani, macho hayana machozi. Alikuwa akihesabu. Koki imefunguliwa tangu saa kumi na mbili. Toka kumi na saba mpaka thelathini na moja ni mwendo wa saa nne. Kutoka pale mpaka mtaa huu, saa moja. Yamefika. Yamefika kitambo.

Binti wa marehemu akapita na jagi na glasi kwenye sinia.

"Umechemsha hayo?" Bi Sifuri aliuliza.

"Watu wote hawa, mama mkubwa? Nichemshe kwa sufuria gani?"

"Usiwape!" Akasimama. "Msinywe! Jamani, nawaomba, hayo maji yana ugonjwa. Hayo ndiyo yaliyomuua. Mimi ndiye niliyeyapima, nawaambia mimi, nilikosea, msinywe!"

Wanawake wakatazamana. Jirani mmoja, mama mtu mzima ambaye nguo zake zote zilishonwa na marehemu, akajikokota mpaka kwake, akamkumbatia, akamkalisha chini taratibu.

"Pole, dada mtu. Pole sana. Tunajua."

"Hamjui!"

"Tunajua, mama. Marehemu alitutangulia kutuambia. Alituita pale hospitali, siku ile ya mwisho, akasema dada yangu atajilaumu. Atasema maji mabaya, atasema amekosea hesabu. Msimkubalie, akasema. Msimwache aende na wazo hilo, litamla." Yule mama alikuwa akilia sasa. "Tulimwahidi."

"Alikuwa hajui! Alikuwa ananipenda tu!"

"Ndiyo, mama. Ndiyo."

Na kwa sababu walikuwa watu wema, na kwa sababu walikuwa wameahidi, yule jirani alinyoosha mkono akachukua glasi kwenye sinia, akaiinua mahali ambapo Bi Sifuri angeiona vizuri.

"Tazama. Tunakuamini." Akanywa yote.

Mwingine akachukua. Halafu mwingine. Glasi zikapita mkono kwa mkono hadi barazani, wanawake wakinywa huku wakimtazama kwa huruma, na aliyekuwa na mtoto mapajani alimnywesha mtoto kwanza. Bi Sifuri alijaribu kuinuka, akakuta ameshikwa mabega pande zote mbili, ameshikwa kwa upole mtupu. Alipiga kelele mpaka sauti ikakatika, nao wakaitikia kila kelele kwa pole.

Binti akapiga magoti mbele yake. Jagi lilikuwa tupu, amebakiza glasi moja. Alikuwa na macho ya mama yake.

"Mama mkubwa, mimi siku hizi zote nachemsha, kwa sababu ulinituma. Lakini mama alisema nikikuona unateseka, nikuonyeshe."

Akainywa glasi mpaka chini, akaifuta midomo kwa upande wa kanga yake.

"Umeona? Hayana kitu."